Baada ya Gwaride, Mechi: Barua ya Wazi kwa Bunge la Kaunti ya Kericho

Kwa Mheshimiwa Spika na wawakilishi wadi wote wa Bunge la Kaunti ya Kericho.
Nakala kwa Baraza la Chuo Kikuu cha Kabianga.

Waheshimiwa,

Mimi ni mlipa ushuru ambaye pia ni shabiki wa soka. Barua hii inahusu Uwanja wa Kericho Green, na ombi lake kuu ni moja. Makadirio ya bajeti yatakapoletwa mbele yenu, na sheria inataka yawafikie kufikia tarehe 30 Aprili, yawe na fungu la kuutunza uwanja huo mwaka mzima, pamoja na utaratibu wa kisheria wa kulilinda fungu lenyewe. Mengine yote nitakayoandika hapa ni sababu za ombi hilo, na maombi madogo yanayoandamana nalo.

Nimewaandikia ninyi, sikuiandikia wizara Nairobi, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 haikuacha shaka. Jedwali la Nne limezikabidhi serikali za kaunti shughuli za michezo na vifaa vyake. Uwanja ni wenu. Ukistawi sifa ni zenu, ukichakaa lawama hazina pa kwenda pengine.

Tarehe 20 Oktoba 2023 Kenya nzima ilikuwa Kericho. Sikukuu ya Mashujaa, ambayo kwa miaka mingi ilisherehekewa Nairobi, ililetwa Green, na kabla ya siku hiyo wakandarasi walikuwa wameingia kazini. Ukarabati ulioimbwa kampeni baada ya kampeni ulifanyika kwa sababu wageni walikuwa njiani. Hatukunung'unika. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mwenyeji alipata nafuu kweli.

Hatukuwa peke yetu. Utaratibu wa kuzungusha sherehe za kitaifa umeamsha viwanja vingi vilivyokuwa vimelala: Bukhungu kule Kakamega mwaka 2018, Gusii kule Kisii 2020, Wang'uru kule Kirinyaga 2021, Embu kwa Sikukuu ya Madaraka ya 2023, halafu sisi. Baada yetu walifuata Bungoma na Kwale mwaka 2024, kisha Homa Bay na Kitui mwaka 2025. Kaunti ambayo ingesubiri miaka mingi kupata nyasi na jukwaa imevipata kwa miezi michache.

Ila kazi ya namna hii huanzia kwenye tarehe. Kila kitu hupimwa kwa siku ya sherehe: jukwaa la wageni mashuhuri liwe tayari, rangi iwe imekauka, barabara ya msafara ipitike, gwaride lipate nafasi ya kugeuka. Jioni ikifika, Rais ameondoka, mahema yamekunjwa, na hakuna tarehe nyingine ya kumfanya mtu yeyote aharakishe. Mchezaji wa mpira yeye ana Jumamosi, na Jumamosi hazina mwisho. Uwanja uliotengenezwa kwa ajili ya siku moja unatakiwa umhudumie kwa miaka ishirini, na ni nani aliyepangiwa kuhakikisha hivyo?

Swali hili lina uzito hapa kwetu kwa sababu soka ya Kericho ina historia ndefu kuliko majukwaa yake. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilitenga ardhi ya Wakipsigis kwa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Walowezi hao walipanda kitani, bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, na katika miaka ya 1920 kampuni za chai zikachukua nafasi. Chai ilihitaji mikono mingi, nayo mikono ikatoka Nyanza, Magharibi, Kisii na kwingineko. Watu wakapangwa kambini, na kambi nyingi zikawa na uwanja wake, hata kama ni kipande cha ardhi chenye mteremko na milingoti miwili ya mkaratusi kila upande. Jumapili, baada ya siku sita za kuchuma, kambi moja ilikwenda kucheza na nyingine. Mkipsigis, ambaye jina lake duniani limejengwa na riadha, mara nyingi alijifunzia soka kwa jirani yake Mluo au Mluhya kandokando ya majani chai.

Viwanja hivyo vya kambi sasa viko mashakani. Mashine za kuchuma zimepunguza wafanyakazi, na wafanyakazi wakipungua timu nazo hufa. Wenye mashamba pia wamebadilika: kampuni ya Browns kutoka Sri Lanka ilinunua mashamba ya James Finlay mwaka 2023, na mwaka uliofuata ikakubaliana kuyanunua yale yaliyokuwa ya Unilever na baadaye Lipton. Katika mazungumzo yote niliyosoma kuhusu hisa za jamii katika mashamba hayo na miaka ya hati za ardhi, sikuona mahali palipotajwa uwanja wa mpira. Mtakapoketi tena na kampuni za chai, waheshimiwa, viorodhesheni viwanja vya kambi kimoja kimoja kabla havijapandwa miche.

Kambi zikififia, mzigo unarudi mjini, kwenye Green. Hapo ndipo klabu ya Zoo Kericho ilipochezea baada ya kupanda Ligi Kuu mwaka 2017, na kwa mara ya kwanza watu wa hapa wakawaona vigogo wa ligi bila kupanda matatu ya kwenda Nairobi. Wauza mahindi ya kuchoma walikuwa na siku zao, waendesha bodaboda nao wakawa na zao. Mwaka 2021 Zoo iliteremshwa kwa uamuzi wa kinidhamu uliohusu upangaji wa matokeo, na haya hatuna sababu ya kuyaficha. Lakini ile miaka minne ilithibitisha kitu ambacho hakuna anayeweza kukikana: timu ikiwepo, watu wanakuja.

Sasa niwaombeni tushuke jukwaani tukaitazame ardhi yenyewe, maana hapo ndipo uwanja unapopona au kufa.

Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Hewa yenye unyevu hutoka Ziwa Victoria, hupanda kuelekea Mau, hukutana na upepo wa mashariki, na ikifika saa tisa alasiri wingu limeshafunga. Nyanda zetu hizi na za Nandi huhesabiwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Mchezaji wa hapa anaijua saa hiyo kuliko anavyomjua mwamuzi. Mechi ya saa tisa huanza kwa jua, dakika ya ishirini matone mazito yanaanza kudunda begani, na kabla ya mapumziko mpira uliopigwa pasi ya chini unasimama katikati ya safari, umekwama majini, huku wachezaji wawili wakiukimbilia kutoka pande mbili. Magoti mengi huumia hapo.

Mbele ya lango hali ni mbaya zaidi. Kipa husimama mahali pamoja, washambuliaji hukanyaga palepale, na mazoezi ya kupiga mashuti hufanyika hapohapo kila siku. Nyasi huondoka kwanza, kisha udongo mwekundu hushindiliwa ukawa kama sakafu, maji yakakosa pa kupenya, na mvua inayofuata huacha dimbwi. Mtu mwenye nia njema huja na toroli la mchanga akalijaza. Wiki mbili baadaye pana kichuguu, na mpira ukifika hapo unaruka juu ya mikono ya kipa.

Dawa yake inajulikana. Uso wa uwanja huinuliwa kidogo katikati ili maji yatiririke kuelekea pembeni. Chini ya udongo huwekwa mchanga, kokoto, na mabomba yenye matundu yanayopeleka maji kwenye mitaro ya nje. Lakini mabomba hayo huziba kwa tope, na mitaro hujaa majani na chupa za plastiki. Asipokuwepo mtu wa kuizibua kila baada ya mvua kubwa, mamilioni yaliyofukiwa chini ya nyasi yanakuwa yamezikwa tu. Nyasi zenyewe zinataka kukatwa mara kwa mara kwa urefu mmoja, kulishwa mbolea, kutobolewa ili zipumue, na kupumzishwa. Kufyeka kwa slasha siku moja kabla ya mechi hakutoshi, na kondoo wa jirani hawajawahi kukata kwa usawa.

Na nyasi tulizo nazo si haba. Nyasi za kikuyu, zinazotambaa zenyewe kando ya barabara zetu, asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Wageni walizichukua wakazipeleka Australia, Afrika Kusini na Marekani. Leo zimefunika viwanja vya michezo vya huko, na klabu ya gofu ya Riviera mjini Los Angeles inajulikana kwa nyasi hizohizo. Watu wa mbali wanazitunza kwa mashine na ratiba. Sisi tulio nazo nyumbani, zinazoota bila kuombwa, tunashindwaje kuziweka sawa mita 105 kwa 68?

Isitoshe, kaunti hii haina haja ya kufundishwa na mtu maana ya matunzo. Mchai uliopandwa enzi za babu zetu bado unatoa majani kwa sababu una ratiba isiyojadiliwa: unachumwa kila baada ya wiki moja au mbili, unakatwa kila baada ya miaka mitatu au minne, unapewa mbolea kwa wakati wake. Hakuna mkulima wa Litein wala wa Kapkatet anayesubiri Rais aje ndipo apalilie. Uwanja wa mpira unadai nidhamu hiyohiyo, na watu wenye nidhamu hiyo wamejaa katika wadi zenu.

Wengine tayari wako Kabianga, na hapa naligeukia Baraza la Chuo Kikuu. Kabianga ilianza kuwa kituo cha elimu tangu Shule ya Serikali ilipofunguliwa mwaka 1925. Chuo kilikuwa kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi kuanzia 2009, na mwaka 2013 kikapata hati yake chenyewe. Kinafundisha kilimo katikati ya nchi ya chai. Ina maana wako wahadhiri wanaojua udongo wa Kericho unavyonywa maji, na wanafunzi wanaotafuta mahali pa kufanyia mafunzo ya vitendo. Wakati huohuo mji una uwanja unaohitaji wataalamu wa nyasi. Kinachokosekana ni mkataba wa kurasa chache: kaunti itoe uwanja, mashine na mshahara wa mtunza uwanja; chuo kitoe ujuzi, vipimo vya udongo na vijana wa mazoezi; na timu za chuo, za wavulana na za wasichana, zipate siku zao za kuchezea Green.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 2012 wenzetu wa Uganda walianzisha ligi ya soka ya vyuo vikuu inayochezwa nyumbani na ugenini, na viwanja vya vyuo vikaanza kujaa watu waliokuja kushangilia chuo chao. Mbali zaidi, Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani bado kinatumia uwanja wa zege uliojengwa mwaka 1903. Sehemu ya gharama ilibebwa na wahitimu wa mwaka 1879, waliochanga dola 100,000. Uwanja huo ulijengewa mpira wao wa Kimarekani, lakini mwaka 1984 ulipokea mechi za soka za Michezo ya Olimpiki. Umedumu kwa sababu una wenyewe: kila mwaka lipo kundi la watu linaloudai, linalocheza ndani yake na linalopiga kelele ukivuja. Wahitimu wa Kabianga nao wanaongezeka kila mwaka, na hakuna aliyewahi kuwaomba wachangie hata mashine moja ya kukata nyasi.

Najua jibu litakalotolewa, na ni jibu la haki. Zahanati zinaishiwa dawa, barabara za kupeleka majani chai kituoni zinakatika mvua ikinyesha, karo za shule zinawalemea wazazi. Nani atatoa pesa za nyasi? Kama hela zenyewe zingekuwa za kujenga uwanja mpya, hata mimi ningesema zipelekwe hospitali kwanza. Lakini uwanja tumeshaulipia. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tumeshaujenga, kilichobaki ni kuziba ufa, na ufa bado ni mdogo. Kila shilingi inayonyimwa mtaro leo itadaiwa na mkandarasi kesho, tena kwa faida yake juu. Na zahanati hazitapata dawa zaidi siku ile tutakapokarabati upya.

Taifa zima limeshaipata hasara ya kupuuza viwanja. Kasarani na Nyayo vilikataliwa na Shirikisho la Soka la Afrika, hata ikabidi Juni 2024 Harambee Stars wakacheze mechi zao za nyumbani za kufuzu Kombe la Dunia huko Lilongwe, Malawi. Kenya iliyokuwa na Kasarani tangu 1987 ikawa mpangaji kwa wenzake. Sasa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 linakuja Kenya, Uganda na Tanzania. Si lazima Kericho iwe mwenyeji wa mechi. Lakini timu hupenda kupiga kambi sehemu za juu zenye baridi, na yenye uwanja mzuri ndiyo itakayofikiriwa.

Kwa hiyo, waheshimiwa, nayaweka maombi yangu wazi ili yeyote ayahesabu.

Kwanza, wekeni fungu la matunzo katika makadirio, kwa jina lake, lisifichwe chini ya kichwa kikubwa cha vijana na michezo ambako huliwa na semina. Lilipe mtunza uwanja wa kudumu na wasaidizi wake, mafuta ya mashine, mbolea, mbegu, chokaa ya mistari, nyavu, na uzibuaji wa mitaro.

Pili, anzisheni hazina ya uwanja. Kwa sasa kiingilio na kodi ya uwanja huingia katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, kama Kifungu cha 207 cha Katiba kinavyosema, na vikishaingia huko haviujui uwanja tena. Hata hivyo, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, kifungu cha 116, inaruhusu kuundwa kwa hazina maalumu ya kaunti kwa idhini ya kamati kuu na ya Bunge lenu. Itumieni. Pesa zinazotoka Green zirudi Green, na hesabu zake zikaguliwe.

Tatu, chapisheni kalenda ya matumizi kila miezi sita na kuibandika langoni. Soka na riadha zitangulie. Mikutano ya siasa na ya injili ina haki yake, lakini ilipe dhamana kabla, jukwaa lake liwekwe nje ya nyasi, na gari lisiingie kiwanjani hata kama ni la mheshimiwa. Timu za wasichana zitengewe saa za mazoezi zilizoandikwa, zenye maji na choo kilicho wazi, badala ya kusubiri wavulana wachoke. Funguo za vyumba vya kubadilishia ziwe mikononi mwa ofisi inayojulikana.

Nne, wekeni hadharani mikataba na gharama za ukarabati wa 2023: nini kililipiwa, nini kilikamilika, nini kilibaki, na kipindi cha mkandarasi kurekebisha kasoro kiliishia lini. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 vinatupa haki hiyo, na afadhali mtupe wenyewe kuliko tuje kuidai.

Tano, tieni sahihi mkataba na Chuo Kikuu cha Kabianga, na muwaalike wenzenu wa Bomet wautazame. Vijana wa kaunti hizi mbili wanacheza ligi zilezile na wanalowa mvua ileile.

Kuna wazo moja ambalo sitaliomba. Wako wanaotaka Green ubadilishwe jina uitwe kwa heshima ya shujaa fulani. Kericho ina shujaa anayestahili bila mjadala: Wilson Kiprugut Chumo, Mkenya wa kwanza kuvaa nishani ya Olimpiki, shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, kisha fedha mjini Mexico mwaka 1968. Alifariki Novemba 2022, karibu mwaka mmoja kabla ya taifa kuja kuwasherehekea mashujaa nyumbani kwake. Lakini jina halioteshi nyasi, na kuliandika jina lake juu ya lango linalofunguka kwenye matope itakuwa ni kumkosea adabu. Tuutunze uwanja miaka mitano mfululizo, kisha tuzungumze habari za jina.

Mtakapokaa kuyapitia makadirio, wananchi tunaruhusiwa kuja kutoa maoni, na tutakuja: makocha, wachezaji, walimu wa michezo, mama wanaouza chai ya rangi langoni. Tutauliza swali moja tu, na tutataka lijibiwe kwa tarakimu: mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai umeutengea Uwanja wa Green shilingi ngapi, na ni nani tutakayemdai zikikosa kuonekana kwenye nyasi?

Wenu katika ujenzi wa kaunti,

Shabiki wa soka,
Kericho.